Maji ya Suluhu

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho hivi naisikia kabla sijaiona. Nasikia maji yanakuja. Siku hiyo nilikuwa morani mwenye nywele ndefu zilizopakwa udongo mwekundu, nimekaa kwenye kiti cha Mzungu tangu asubuhi mpaka jua likaelekea Monduli. Sikumpiga mtu, sikurusha mkuki, na bado nilirudi nyumbani Moshono nikiimbiwa. Kaa hapo nikueleze vizuri, maana jana ulipokuwa unazungumza na wenzako pale nje nilikusikia ukisema kwamba anayekwenda taratibu ni mwoga. Nilinyamaza. Wala si kwamba nilikubali. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Zilikuwa enzi za Mjerumani. Boma lake lilikuwa limeshasimama pale mjini, na baba yangu ni mmoja wa waliobebeshwa mawe ya kulijenga, jambo ambalo hakulisahau wala hakupenda kulisimulia. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, unaumaliza kwa mguu kabla jasho halijakutoka. Katika maduka machache yaliyokuwepo lilikuwemo la Mzee Jivan, Mhindi aliyenunua ngozi. Mimi ndiye niliyepeleka ngozi za ukoo wetu kwake, na kwa kuwa alizikagua moja moja, akizinusa na kuzikwaruza kwa kucha, nilikuwa nakaa sana pale dukani. Hapo ndipo nilipojifunza Kiswahili, kwani Mzee Jivan aliishi Tanga miaka mingi kabla ya kupanda huku kwetu. Na hapo ndipo nilipojifunza sataranji.

Huujui mchezo huo, naona unanikodolea macho. Ni ubao wa miraba na majeshi mawili. Kila upande una mfalme na waziri wake, tembo kwenye kona, farasi, ngamia wanaokwenda mshazari, na mbele yao safu ya askari wa miguu. Kazi ni kumbana mfalme wa mwenzako mpaka akose pa kwenda. Wengine wana majina yao, mimi nakutajia ya dukani kwa Mzee Jivan. Sisi Waarusha tuna mchezo wetu wa kete na vishimo, kwa hiyo kuhesabu mbele hakukunipa taabu. Kilichonipa taabu ni mwendo wa mwalimu.

Mzee Jivan alinifundisha namna moja tu ya kuanza. Askari wa katikati hatua moja, jirani yake hatua moja, farasi nyuma yao, halafu mfalme anasogezwa pembeni akae karibu na tembo wake. Hakuna kuvuka mstari wala kumchokoza mtu. Alisema kwamba walivyocheza babu zake, askari hatoki zaidi ya hatua moja. Wazungu ndio wanaomruhusu kuanza na mbili. Nilimuuliza kwa nini basi nisiende mbili kama ruhusa ipo. Akanijibu kwamba nimeruhusiwa, sijalazimishwa. Mwanzo ule mimi niliuita boma, si kwa ajili ya lile la Mjerumani, bali kwa sababu ndivyo tunavyofanya kwetu: mkihamia mahali mnazungushia miiba kwanza, halafu ndio mnaingiza ng'ombe.

Sasa nisikudanganye, boma lile lilinikera. Morani anafundishwa kwenda mbele, na mimi kila siku nafundishwa kukaa. Ngamia wangu mmoja alikuwa anabaki ndani, amezibiwa njia na askari wangu mwenyewe, mchezo mzima anatazama migongo ya wenzake. Nilikuwa namwonea huruma kweli kweli. Nilipochoka nikaasi, nikamtoa waziri mapema na kufyatua askari hatua mbili mbili, Mzee Jivan hakunikemea. Alinifunga upesi, akapanga kete upya, akaendelea kukwaruza ngozi.

Na nikitulia kwenye boma langu hanifungi, lakini nami simfungi. Tunacheza mpaka mgongo unauma, halafu anasema, "Suluhu," na kukusanya kete zake. Neno hilo nililijua la wazee: watu wamegombana, wameitwa, wamechinjiwa mnyama, wamepatana, hiyo ndiyo suluhu. Kuambiwa kwamba ni jina la mchezo ulioisha bila mtu kuanguka, niliona ni dhihaka. Rafiki yangu Meliyo, wa rika langu, alikuja siku moja kutazama huo mchezo wa vita niliokuwa nikimsimulia. Alisubiri, akasubiri, akasinzia. Alipoamka aliniuliza kama bado tunazungushia miiba.

Mwaka huo mvua za masika zilitukwepa. Mfereji wetu ulitoka mtoni huko juu, na kabla ya kutufikia ulipita katikati ya shamba la Mgiriki mmoja, Bwana Stavro, aliyepewa ardhi na serikali akapanda kahawa. Alipoona mbingu haina kitu akauziba mfereji kwa mawe na magunia ya udongo, maji yote yakageukia miche yake. Kwetu mahindi yakaanza kukunja majani, migomba ikainama, na wanawake wakawa kutwa wanapanda na kushuka mtoni na vibuyu. Baba yangu ndiye aliyesimamia mfereji. Yeye na wazee wenzake ndio waliogawa zamu za maji tangu kabla sijazaliwa. Sasa alikuwa anasimamia mtaro wa vumbi, na bado kila asubuhi aliupitia mguu kwa mguu, anaokota majani yaliyoangukia ndani.

Aliniambia kwamba hali ikiwa ile mpaka mwezi mwingine uandame, itatubidi tuteremke nyikani na mifugo, tuyaache mashamba. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Shamba lililoachwa enzi zile, mwanangu, serikali ililihesabu kuwa halina mwenyewe. Ungerudi na ng'ombe wako ukamkuta mtu mwingine amepewa karatasi yake.

Wazee wakaamua kwenda kumwomba Bwana Stavro, wakanichukua mimi niwatafsirie. Tulimkuta barazani amekaa mbele ya ubao wa sataranji, anacheza peke yake, pande zote mbili, kwa sababu majirani zake Makaburu hawakuujali mchezo huo. Baba akazungumza vizuri sana, kwa heshima, bila kujishusha. Nikatafsiri. Mgiriki alitikisa kichwa kukataa hata kabla sijamaliza, wala hakuinua macho kutoka ubaoni. Nami nikawa naangalia anapoangalia yeye. Alipomaliza kukataa, maneno yakanitoka yenyewe, nikamwonyesha kwa kidole: "Bwana, huyu wako anakufa."

Aliitazama kete ile, ambayo mimi naijua kama ngamia, akanitazama mimi na udongo wangu kichwani, akaitazama kete tena. Ni kweli ilikuwa inakufa. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha shambani, mbele ya wazee, mbele ya mnyapara wake na vibarua waliokuwa wanapita na majembe:

"Jumapili wewe kuja, sisi cheza. Mimi hapana shinda wewe, maji ya wewe mpaka mvua. Mimi shinda, nyinyi hapana kuja tena."

Kesho yake nilikwenda mbio mpaka dukani. Mzee Jivan aliweka ngozi chini, akataka nirudie maneno ya Mgiriki jinsi yalivyotoka, nisiyanyooshe. Nikayarudia. Akataka tena. Halafu akatabasamu, na yeye hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo.

"Hakusema ukimshinda," akaniambia. "Amesema asipokushinda."

Nikamwambia bila shaka alitaka kusema nikimshinda, ila Kiswahili ndicho kilichomteleza.

"Alichotaka kusema anakijua mwenyewe. Alichosema kimesikiwa na watu. Suluhu inakutosha, kijana. Utacheza boma."

Ungedhani nilifurahi. Nilinuna. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshamlaza Mgiriki chini na mfalme wake, na rika langu limeshatunga wimbo. Sasa naambiwa niende nikakae tu. Mpaka Jumapili tulicheza boma, hakuna kingine, na kila nilipotaka kutoka Mzee Jivan aligonga ubao kwa kucha.

Jumapili Moshono nzima ilipanda. Wazee walikaa upande mmoja wa baraza, morani wenzangu wakasimama na mikuki yao, wanawake wakakaa kwenye nyasi kando ya mfereji mkavu. Mzee Jivan alifunga duka, akaja na kofia yake nyeusi. Hakuna aliyeujua mchezo isipokuwa sisi watatu, kwa hiyo watu hawakutazama ubao, walitazama uso wangu. Mzigo huo ulinielemea kuliko mchezo wenyewe.

Stavro akaanza, askari hatua mbili. Mimi moja. Yeye mbili tena, mimi moja. Akaniuliza kama nimekuja kucheza au kulala. Nikazungusha miiba yangu, mfalme nikamweka pembeni, ngamia wangu maskini akabaki ndani kama kawaida yake. Mgiriki alikuwa mchezaji hasa, nampa haki yake. Alikuja kwa kushoto, akaja kwa kulia, farasi wake wakanirukia hadi mlangoni. Kila alipogonga alikuta mtu. Kahawa yake ililetwa ikapoa, akaletewa nyingine nayo ikapoa.

Adhuhuri, alipoona ukuta hautikisiki, akafanya jambo. Alimweka tembo wake mahali ambapo waziri wangu angeweza kumla bure. Halafu akajiegemeza kitini na kuangalia milima, kana kwamba ubao haumhusu tena.

Mkono wangu ulinyanyuka, mwanangu. Nilichoka kukaa. Tembo mzima, na baada ya tembo huyo ningekuwa na nguvu kuliko yeye, na baada ya hapo ushindi, na wimbo, na Meliyo hasinzii tena. Sikuweza kuona mpaka mwisho wa njia hiyo, lakini mwanzo wake ulikuwa mtamu. Ndipo nikasikia baba ameinuka. Alikuja akasimama nyuma yangu. Mchezo hakuujua hata kidogo, ila mkono wangu aliujua tangu nikiwa mdogo, ulivyo ukitaka kitu. Aliongea kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini.

"Unataka nini hapo?"

"Kumshinda, baba."

"Nani amekutuma kumshinda?"

Mkono wangu ulikuwa bado hewani.

"Tulikutuma maji," akasema. "Ng'ombe watakunywa wimbo wako?"

Akarudi kukaa. Nilishusha mkono gotini, na uso wangu ulikuwa unawaka. Sijawahi kukemewa kwa maneno machache kiasi kile, wala kukemewa kukanifaa vile. Nilipotazama ubao upya nikaona kile ambacho hamu ilikuwa imenificha: waziri wangu akienda kumla tembo, mlango alioulinda unabaki wazi, na farasi wa Mgiriki alikuwa amesimama pale pale anausubiri. Nikamwacha tembo. Nikasogeza askari wa pembeni, hatua moja. Kule nyuma nilisikia Mzee Jivan anapumua.

Stavro aliacha kuangalia milima. Kuanzia hapo alicheza kwa hasira, akatupa kila alichokuwa nacho, na kila alichotupa tukala wote, kete kwa kete, waziri kwa waziri, mpaka ubao ukabaki mweupe. Katikati askari wake na wangu wamesimama pua kwa pua, hakuna wa kupita. Amebakiwa na mfalme na farasi mmoja. Mimi nimebakiwa na mfalme na nani? Ngamia yule yule. Huyo niliyekuwa namhurumia tangu dukani, aliyeshinda ndani tangu asubuhi, sasa ndiye mlinzi wa miiba yote, maana askari wangu walisimama kwenye miraba ya rangi anayopita yeye na kila mmoja alikuwa machoni pake. Mfalme wa Mgiriki akazungukia kushoto, ngamia akasogea, bado anaona. Akazungukia kulia, ngamia akarudi, bado anaona. Nilitamani kumbusu.

Jua lilikuwa limeshainama Mgiriki alipozisukuma kete zake kando. "Hapana mshindi," akasema. Alikuwa amechoka, lakini hakuonekana mwenye wasiwasi. Akainuka, akamwambia mnyapara awaambie watu warudi kwao, mchezo umekwisha, maji yanabaki kama yalivyo.

Mzee Jivan naye akainuka, akarekebisha kofia. "Bwana Stavro," akamwuliza polepole, "umemshinda?"

"Hapana."

"Basi," akasema Mzee Jivan, na kukaa.

Kwanza Mgiriki hakuelewa. Kisha nikaona inamfikia. Alimgeukia mnyapara, akamwuliza siku ile yeye alisema maneno gani. Mnyapara alikuwa mtu wa Pangani mwenye mke na watoto wa kulisha kwa kazi hiyo; akatazama miguu yake. Vibarua waliokuwa wamekuja kutazama walikuwa ndio wale wale waliopita na majembe, na Stavro alizipitia nyuso zao moja moja. Angeweza kutufukuza, mwanangu. Boma la mjini lilikuwa lake kuliko letu, na askari wangekuja kwa neno lake. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu moyoni kwamba siku nzima imekwenda bure.

"Mimi nilisema," akasema mwishowe. "Mimi hapana shinda." Akayarudia tena maneno yake mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka mdomo wake ukaanza kucheka.

Alishuka barazani na viatu vyake vya Jumapili, akaenda mpaka kwenye mfereji, akalivuta gunia la kwanza kwa mikono yake. Baba yangu akaenda akavuta la pili. Sisi morani tukaweka mikuki chini na kuingia kwenye mawe.

Maji ya mfereji mkavu hayaji kwa haraka. Yanakuja yanasukuma vumbi na majani mbele yake, yanasimama kwenye kila shimo mpaka lishibe, halafu yanaendelea. Watu wote tuliteremka nayo, tukitembea kwa mwendo wake, kutoka shambani kwa Mgiriki mpaka kwetu. Wanawake walikuwa wanaimba. Mama yangu alikuwa ameyatangulia, na alipoyaona yanaingia kwenye migomba yake aliketi chini katikati ya tope, akacheka, akalia, akacheka. Ng'ombe waliyanusa kabla hayajafika, ikabidi washikwe. Nilijiona mkubwa, nakuambia kweli, mkubwa kuliko ningekuwa na simba begani.

Na wimbo nikaupata, ingawa sikuutaka tena. Aliutunga Meliyo usiku ule ule. Ulisema kwamba kuna morani aliyekwenda vitani akakaa kitako kutwa nzima, adui akachoka kumtafutia mlango, akaenda kumfungulia maji. Rika langu lilinitania kwa wimbo huo mpaka tukawa wazee, na Meliyo alipokaribia kufa aliniimbia ubeti mmoja, kwa sauti iliyokwisha, tukacheka wote wawili.

Mvua iliponyesha Bwana Stavro alikuja mwenyewe kwa baba, wakakaa, wakapanga zamu za mfereji: siku zake na siku zetu. Baba alichinja mbuzi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mchezo na mapatano vimepewa neno moja. Tuliendelea kucheza mimi na Mgiriki, na siku moja nikamfunga kabisa, kwa waziri niliyemtoa mapema kwa kiburi tu. Nilifurahi wiki nzima. Haikutuletea hata tone.

Basi, mwanangu, ninachotaka uondoke nacho ni hiki. Sikwambii ukae ndani maisha yako yote. Mifugo isiyofunguliwa asubuhi inakufa humo humo zizini, na mimi mwenyewe najua jinsi kukaa kunavyochosha. Ila unapoanza jambo, anza na miiba. Ukiruhusiwa hatua mbili, jiulize kama moja haitoshi. Ukiwekewa kitu kizuri mbele yako na aliyekiweka anaangalia milima, rudisha mkono gotini uangalie upya. Mtu wako anayekaa nyuma, asiyesifiwa na yeyote, usimdharau, kwa maana hujui jioni itamkuta nani mlangoni. Na mahali popote utakapokwenda, kabla hujapigana, jikumbushe umetumwa nini. Wenzako wakikuita mwoga, waache wasinzie kidogo.

Sogea sasa, uinamishe kichwa niweke mkono, kama baba yangu alivyoniwekea jioni ile nikiwa na tope mpaka magotini. Engai, Mungu wetu, akupe boma lisilo na tundu na lango linalofunguka asubuhi. Akupe subira usipoona mwisho wa njia. Akupe adui anayetimiza neno lake. Na mfereji unaopita mbele ya nyumba yako, uwakute na watoto wako bado una maji.